Kabla ya kuiamini dawa mpya, uliza imekaguliwa na nani

MSOMAJI, bila shaka umewahi kuisikia habari ya namna hii ukiwa ndani ya matatu kutoka Kawangware kwenda mjini, au ukipanga foleni ya maji kule Kibera: "Watafiti wamegundua." Wamegundua kwamba mti fulani unamaliza kisukari. Wamegundua kwamba chanjo fulani inawadhuru watoto. Anayesimulia hasemi watafiti hao ni akina nani, waliwachunguza watu wangapi, wala waliyaandika wapi hayo waliyoyagundua. Kufikia jioni habari imeshafika Laini Saba na Gatwekera, Gatina na Congo, na kesho yake kuna mtu anayeuza chupa kando ya barabara.

Utafiti wa afya una sheria zake, na uchapishaji wa matokeo ya utafiti huo una sheria zake pia. Huhitaji kuwa daktari ili uzielewe. Lakini usipozielewa, unaweza kuacha dawa inayokusaidia ukakimbilia isiyo na faida, au ukamnyima mtoto chanjo kwa sababu ya uongo uliotungwa mbali na hapa.

Makala hupitia wapi?

Mtafiti akimaliza uchunguzi wake huandika makala ya kueleza alichokifanya: aliwachunguza watu wangapi, aliwachagua vipi, aliwapa nini, na aliona nini. Makala hayo huyapeleka kwa mhariri wa jarida la kisayansi. Hapa kwetu, kwa mfano, kuna East African Medical Journal, jarida lililoanzishwa mwaka 1923.

Mhariri akiona kwamba makala yana uzito, huwatumia wataalamu wengine wawili au watatu wa fani hiyo hiyo wayasome. Wahakiki hao kwa kawaida hawalipwi, na mara nyingi mwandishi haambiwi majina yao. Kazi yao ni kutafuta kasoro. Wanaweza kuyakataa makala, kuyakubali, au kumrudishia mwandishi ayarekebishe. Shughuli hiyo huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi miezi.

Mwandishi naye ana masharti yake. Haruhusiwi kubuni takwimu wala kuiba maandishi ya mwingine. Haruhusiwi kuchapisha uchunguzi mmoja mara mbili kana kwamba ni chunguzi mbili. Ni lazima ataje aliyemlipa, kwa sababu mwenye kampuni ya dawa ana faida katika jibu. Tena hafai kuliweka jina la mkubwa wake ambaye hakufanya kazi yoyote, wala kuliacha jina la kijana aliyefanya kazi kubwa. Tangu mwaka 1997 kuna Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa na wahariri nchini Uingereza, ambayo huwashauri wahariri wa nchi nyingi namna ya kushughulikia makosa kama hayo.

Kemron: sifa zilipotangulia ushahidi

Wenye umri wa kukumbuka mwaka 1990 hawajaisahau Kemron. Wakati huo ukimwi ulikuwa ukiua watu na hapakuwa na dawa ya kutegemewa ambayo Mkenya wa kawaida angeipata. Ndipo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ilipotangaza kwamba interferoni ya alfa, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana na kuyeyushwa mdomoni, ilikuwa ikiwarudishia wagonjwa nguvu. Ilidaiwa hata kwamba baadhi yao walipopimwa tena hawakuonekana kuwa na virusi. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Dkt Davy Koech na Prof Arthur Obel. Mnamo Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliizindua dawa hiyo hadharani.

Furaha iliyokuwepo si ya kuchekwa. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba jibu la ugonjwa uliowashinda wakubwa wa dunia limetoka Nairobi. Wagonjwa walifunga safari kutoka ng'ambo, na huko Marekani Waafrika wengi wa nchi hiyo waliidai dawa hiyo kwa serikali yao.

Zingatia jambo hili, msomaji: makala yalichapishwa. Moja lilitoka katika jarida la ng'ambo na jingine katika nyongeza ya East African Medical Journal, yote mwaka huo wa 1990. Kwa hivyo kuchapishwa peke yake hakukutosha. Kasoro ilikuwa katika namna uchunguzi wenyewe ulivyofanywa: wagonjwa walipewa dawa, kisha wakatazamwa, pasipo kundi jingine la kulinganisha nalo.

Kwa nini ulinganisho ni muhimu? Mgonjwa anaweza kuongeza uzani kwa sababu amepata chakula kizuri, au kifua kikuu chake kimetibiwa, au amepata matumaini na watu wa kumjali. Maradhi yenyewe pia hupanda na kushuka. Usipokuwa na wagonjwa wengine wa hali sawa wanaopewa tembe bandia, huwezi kujua nafuu imeletwa na nini.

Ulinganisho huo ulifanywa baadaye nchini Uganda. Wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa kwa njia ya kura. Nusu walipewa interferoni hiyo, na nusu tembe zisizo na dawa. Mgonjwa hakujua amepewa ipi, na daktari aliyemhudumia hakujua pia. Dkt Elly Katabira na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1998: hapakuwa na faida iliyoonekana. Tangu sherehe ya Nairobi ilikuwa imepita miaka minane.

Mwaka 1996 Prof Obel alitangaza dawa nyingine, Pearl Omega, akisema inatibu ukimwi. Hakuna majaribio yaliyowahi kuthibitisha dai hilo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo ya dawa, kinachojitembeza mbele ya kamera kabla ya kukaguliwa kinafaa kukutia shaka, hata kama aliyekishika ni profesa na aliyesimama kando yake ni mheshimiwa.

Wanawake wa Kibera walioufundisha ulimwengu

Sasa tazama mfano wa pili, ambao haukupigiwa ngoma.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Kanada walianza uchunguzi miongoni mwa wanawake wa Kibera wanaojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Ilijulikana kwamba mtu mwenye ugonjwa mwingine wa zinaa huambukizwa virusi vya ukimwi kwa urahisi zaidi. Swali likawa: je, tukiyazuia magonjwa hayo kwa dawa kila mwezi, tutapunguza pia maambukizi ya ukimwi?

Wanawake 466 ambao hawakuwa na virusi walikubali kushiriki. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja likapewa antibiotiki iitwayo azithromaisini mara moja kwa mwezi, na kundi la pili tembe bandia. Wote walipewa kondomu na ushauri, na aliyepatikana na ugonjwa wa zinaa alitibiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika JAMA, jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, na wakiongozwa na Dkt Rupert Kaul na Dkt Joshua Kimani. Kisonono, klamidia na trikomona vilipungua katika kundi lililopewa dawa. Lakini maambukizi ya virusi vya ukimwi hayakutofautiana. Jibu la swali kuu lilikuwa la.

Huenda ukauliza, kuna haja gani ya kutangaza kushindwa? Haja ni kubwa. Matokeo hayo yangefungiwa katika droo, watafiti wa mji mwingine wangerudia jaribio lile lile kwa wanawake wengine. Wizara ya afya mahali fulani ingeweza kuwanywesha maelfu ya watu wazima wasio wagonjwa antibiotiki ya bure kila mwezi, wakidhani wamekingwa, huku viini vikizoea dawa. "La" ya Kibera iliokoa fedha, muda na miili ya watu ambao hawatawahi kuwajua wanawake hao 466.

Azimio la Helsinki, ambalo ni mwongozo wa madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu tangu mwaka 1964, liliongezwa sharti mwaka 2000 kwamba matokeo mabaya yachapishwe au yawekwe wazi sawa na mazuri. Na tangu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya utabibu hudai kila jaribio la dawa lisajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, ili lisije likapotezwa kimya kimya matokeo yakimuudhi mwenye fedha.

Takwimu isiyo na mwenyewe

Kosa jingine halifanywi kwa nia mbaya, lakini hudhuru. Kwa miaka mingi vitabu, ripoti na hata makala ya kitaalamu yalisema kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Mwandishi mmoja alimnukuu mwenzake, naye mwenzake alikuwa amemnukuu mwingine. Sensa ya mwaka 2009 ilipotolewa, ilihesabu watu 170,070. Wapo waliosema sensa iliwaruka watu, lakini hata watafiti wa kujitegemea waliohesabu kwa njia zao hawakuikaribia milioni.

Hili lina uzito gani kwa afya yako? Tuseme watu 1,700 wa Kibera wameugua homa ya matumbo katika mwaka mmoja. Ukiwagawanya kwa watu 170,000, mtu mmoja katika kila 100 ameugua, na hiyo ni hali ya hatari inayodai maji safi na vyoo mara moja. Ukiwagawanya kwa milioni moja, hawafiki wawili katika kila 1,000, na mkubwa fulani ofisini anaweza kusema kwamba mambo si mabaya sana. Ugonjwa ni ule ule; kilichobadilika ni nambari iliyookotwa. Ndiyo maana maadili ya uandishi yanamtaka mtafiti aifuate takwimu hadi chimbuko lake kabla ya kuiandika.

Uongo wa makusudi

Februari 1998 jarida mashuhuri la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya Dkt Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12. Makala hayo yalizua dhana kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji, ile hali inayoathiri mawasiliano na tabia ya mtoto. Wazazi wengi wakaogopa chanjo. Mwandishi wa habari Brian Deer alipochunguza, aligundua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa kupitia kwa wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na kwamba maelezo ya watoto hayakulingana na rekodi zao za hospitali. Wengi wa waandishi wenzake walijiondoa katika dai hilo mwaka 2004. Mnamo Februari 2010 The Lancet liliyafuta makala hayo, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Makala yalifutwa baada ya miaka 12, lakini uvumi haufutiki kwa urahisi hivyo. Hadi leo mama anayempeleka mtoto kliniki, Kawangware au Kibera, anaweza kuambiwa njiani kwamba chanjo inaharibu akili. Chunguzi kubwa zilizofanywa katika nchi kadhaa hazikuona uhusiano huo. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Surua yenyewe inaweza kumpofusha mtoto na hata kumuua, hasa asiyelishwa vizuri.

Kuna pia majarida ya ulaghai. Hayo humtoza mwandishi ada na kuchapisha chochote, bila mhakiki yeyote kukisoma. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, aliyajaribu. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya kansa, akayajaza makosa ya wazi, na kuyatia jina la mtafiti asiyekuwepo wa taasisi isiyokuwepo mjini Asmara, Eritrea. Aliyatuma kwa majarida 304, na 157 yakayakubali. Kwa hivyo anayekuuzia dawa akikuonyesha karatasi yenye jina la jarida la Kiingereza, usishtuke. Karatasi ya namna hiyo inaweza kununuliwa.

Haki zako ukiombwa kushiriki

Vitongoji vyetu huchunguzwa sana. Watafiti hubisha hodi, huuliza maswali, huchukua damu, choo na makohozi. Kazi hiyo ina manufaa, na bila watu wanaokubali hakuna dawa itakayopatikana. Lakini jarida lenye maadili halipokei makala kutoka kwa mtafiti asiyeonyesha kwamba kamati ya maadili iliidhinisha kazi yake na kwamba washiriki waliridhia wenyewe. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, jua haya:

Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani, kinachotafutwa na hatari zilizopo.

Una haki ya kukataa, na ya kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Una haki ya kuuliza kibali. Utafiti nchini huhitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na jaribio la dawa huhitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Una haki ya siri. Jina lako, picha yako na hali yako ya afya havifai kutokea katika makala bila ridhaa yako.

Una haki ya kuuliza sampuli yako itapelekwa wapi na itatumiwa kwa kazi gani nyingine.

La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: matokeo. Mara nyingi makala huchapishwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo kulisoma mtandaoni hulipiwa kwa dola, na aliyetoa damu yake hapati habari tena. Mwaka 2018 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa utafiti katika mazingira ya watu maskini, nao wanawake wa Nairobi wanaofanya biashara ya ngono walikuwa miongoni mwa waliotoa maoni ulipoandaliwa. Umejengwa juu ya mambo manne: haki, heshima, kujali na uaminifu. Mojawapo ya madai yake ni kwamba waliochunguzwa warudishiwe matokeo kwa njia wanayoielewa. Mwaka 2022 wachapishaji wa jarida la Nature waliwahimiza waandishi kuufuata, na kueleza mchango wa wataalamu wenyeji katika kazi inayofanywa kwao.

Maswali ya kuuliza

Ukisikia tena kwamba watafiti wamegundua, uliza hivi:

1. Watafiti hao ni nani, na wa taasisi gani?

2. Matokeo yamechapishwa katika jarida gani, au yametangazwa tu katika mkutano wa waandishi wa habari?

3. Waliochunguzwa walikuwa watu, panya, au seli ndani ya chupa? Kama ni watu, walikuwa wangapi?

4. Je, kulikuwa na kundi la kulinganisha?

5. Nani aliulipia utafiti, na nani atauza dawa?

6. Je, watafiti wengine, mahali pengine, wameona jambo hilo hilo?

Huenda usipate majibu yote. Mpelekee maswali hayo mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, muuguzi wa kituo cha afya au mfamasia mwenye leseni. Wakati unapongoja jibu, usiache dawa ulizoandikiwa za ukimwi, kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu, wala usiahirishe siku ya chanjo ya mtoto.

Na kama wewe mwenyewe uliwahi kutoa damu kwa ajili ya utafiti, tafuta ile nakala ya karatasi uliyotia sahihi. Karatasi hiyo inapaswa kuwa na nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Piga, uulize walipata nini.